Lovanium, Chuo Kikuu cha Kilimani

Kusini ya mji ambao leo unaitwa Kinshasa, na ambao wakati wa utawala wa Wabelgiji uliitwa Léopoldville, pana kilima kiitwacho Mont-Amba, ambacho hakikuwa na umaarufu wowote hata ulipofika mwaka 1954, Wakatoliki wa Ubelgiji walipokifanya makao ya chuo kikuu cha kwanza katika Kongo. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo masomo yalifunguliwa kwa makumi machache tu ya wanafunzi. Chuo kikaitwa Lovanium, na jina hilo lilidumu miaka 17 tu kabla ya kufutwa kwa amri ya dola. Ni umri mdogo sana kwa chuo kikuu, madhali taasisi za namna hiyo aghalabu huhesabu maisha yake kwa karne. Lakini ndani ya miaka hiyo kilima kile kilishuhudia mambo ambayo si vyuo vingi vya dunia vimeyashuhudia, na baadhi ya maswali yaliyoulizwa pale na vijana wa Kiafrika yangali yanaulizwa hadi leo, katika Kanisa na nje ya Kanisa, kutoka Kinshasa hata Nairobi na Mwanza.

Mzazi wa chuo hicho alikuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, kilichoasisiwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martino V, kikafungwa na Wafaransa mwaka 1797, kikafufuliwa na maaskofu wa Ubelgiji mwaka 1834, na ambacho katika karne ya ishirini kilijiona kuwa na haki, na wajibu pia, wa kuzaa popote ilipopepea bendera ya taifa lake. Lovanium ni jina la Kilatini la mji huo wa Louvain. Msimamizi wa chuo mama ni Bikira Maria kwa sifa yake ya Kikao cha Hekima, na kanisa la Mont-Amba nalo likawekwa chini ya ulinzi wa Mama huyo huyo wa Hekima. Mpangilio wa vitivo, vyeo vya shahada na kaida za mitihani vyote vilitoka huko. Nayataja haya kwa taadhima na bila ya kejeli, kwa sababu watu waliokijenga chuo, mbele yao wakiwa Monsinyori Honoré Van Waeyenbergh, mkuu wa Louvain, na Guy Malengreau, mwalimu wa chuo hicho hicho, waliamini kwa dhati kwamba kumpa Mkongo kile kile anachopewa Mbelgiji, bila ya kupunguza hata chembe, ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Na katika koloni ambamo kila kitu cha mtu mweusi kilikuwa kimepunguzwa, imani hiyo haikuwa jambo dogo.

Thamani ya heshima hiyo haipimiki pasipo kukumbuka hali iliyotangulia. Tangu Ubelgiji ilipoitwaa Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II mwaka 1908, kazi ya kusomesha iliachiwa wamisionari, na wengi wao Wakatoliki, nao walifundisha kusoma na kuandika, hesabu, dini na kazi za mikono kwa watoto wengi mno. Lakini elimu hiyo ilikuwa pana chini, na juu imekatwa. Mkongo aliweza kuwa karani, mwalimu wa watoto au msaidizi wa daktari; kuwa daktari mwenyewe, au wakili, au mhandisi, hakukuwa na njia, kwa kuwa pa kusomea hapakuwapo nchini, na malango ya vyuo vya Ubelgiji yalikuwa yamefungwa mbele yake hata ilipoanza miaka ya hamsini. Thomas Kanza, anayehesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padre kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata Louvain mwaka 1956, yaani miaka minne tu kabla ya uhuru.

Mlango mmoja peke yake ulikuwa wazi, nao ni mlango wa seminari. Stefano Kaoze, mwana wa milima ya Marungu iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, alisomeshwa na Wamisionari wa Afrika katika nchi ambayo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misheni na shule, ng'ambo ya magharibi ya ziwa kama ng'ambo ya mashariki. Akapadirishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kupata daraja hiyo katika zama za ukoloni. Kabla ya hapo, angali mseminari, alikuwa amekwisha kuandika na kuchapishiwa makala juu ya nafsi na fikira za Wabantu. Baada yake walikuja wengine na wengine, waliosoma Kilatini na falsafa miaka mingi, hata uhuru ulipofika mwaka 1960 Kongo ilikuwa na mapadre wazalendo mamia kadhaa, ilhali wenye shahada za chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 13. Asiyelitia moyoni jambo hilo hawezi kuelewa kwa nini chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilitoka mikononi mwa Kanisa. Watu waliokuwa tayari kusoma masomo ya juu walikuwa wamelelewa na Kanisa, na wengi wao ndani ya seminari zake.

Wajesuiti walikuwa wamekwisha kuandaa ardhi. Kule Kisantu, katika Kongo ya Chini, Louvain ilianzisha mwaka 1926 shirika la tiba lililofundisha wasaidizi wa madaktari na wauguzi, na baadaye likafuata la kilimo. Mwaka 1947 mafunzo hayo yakakusanywa pamoja na kupewa jina la Lovanium. Wapo waliotaka chuo kikuu kibaki Kisantu, penye utulivu na mashamba; wengine wakaona kwamba chuo kikuu hakina budi kuwa karibu na mji mkuu, hospitali zake na serikali yake. Hoja ya hawa wa pili ndiyo iliyoshinda, nikisema karibu kwa maana ya kijiografia tu, kwa sababu kilima kilichochaguliwa kilikuwa mbali na mitaa ya Waafrika kiasi cha kumfanya mwanafunzi autazame mji kama mtu anayeitazama bahari kutoka mnarani.

Haraka ya mwaka 1954 ilikuwa na sababu zake. Upande wa Waingereza, Makerere ilikuwa imeanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, na kufikia 1949 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Ibadan ilifunguliwa mwaka 1948. Na Wabelgiji waliokuwa wakijisifu kwa wingi wa shule zao walianza kuona haya. Fauka ya hayo, ugomvi wa Ubelgiji wenyewe ulivuka bahari. Mwaka 1954 Waliberali na Wasoshalisti walishika serikali mjini Brussels, na Waziri wa Makoloni akawa Auguste Buisseret, Mliberali aliyeazimia kuvunja ukiritimba wa misheni katika elimu, akaleta shule zisizofungamana na dini. Wakatoliki wakaona kwamba asiyewahi atawahiwa. Serikali nayo haikukaa kimya: mwaka 1956 ikafungua Chuo Kikuu Rasmi kule Elisabethville, katika Katanga, na hivyo nchi iliyokaa nusu karne bila ya chuo kikuu ikapata viwili ndani ya miaka miwili, kila kimoja kikimtazama mwenzake kwa jicho la mashindano. Waprotestanti walipata chao Stanleyville mwaka 1963.

Mkuu wa kwanza wa Lovanium alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padre na mwanafizikia aliyepata kusoma Princeton, Marekani, mtu wa azma na sulubu, aliyejua kuomba fedha, na aliyekiongoza chuo hadi mwaka 1967. Chini ya uongozi wake kilima kilijaa: madarasa, maktaba, maabara, mabweni, nyumba za walimu, na hospitali ya chuo ambayo mpaka leo wakazi wa Kinshasa huipandia kutafuta tiba. Gillon alishika msimamo mmoja ambao katika koloni lile ulikuwa wa ujasiri: Lovanium tangu siku yake ya kwanza haikubagua rangi, na mwanafunzi mweupe na mweusi walisoma darasa moja na kulala mabweni yale yale, wakati ambapo katika mji uliokuwa chini ya kilima makazi ya watu weupe na ya watu weusi yalikuwa yametengwa. Kwa hili peke yake anastahili kukumbukwa kwa wema, ijapokuwa aliongoza kwa mkono mzito na hakupenda kushirikisha wanafunzi katika mashauri ya chuo.

Kazi yake iliyoshangaza watu kuliko zote ilikuwa kinu cha nyuklia. Urani iliyotumika kuunda mabomu ya mwaka 1945 kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, machimbo ya Katanga, ikachimbwa kwa mikono ya Waafrika ambao hapana aliyewaambia wanachimba nini wala kwa ajili ya nini. Gillon, aliyekuwa mtaalamu wa fani hiyo, alishika hoja kwamba nchi iliyoitoa urani ina haki ya kupata sehemu ya elimu yake. Na kwa kuwa wakati ule Marekani ilikuwa ikieneza mpango wa Rais Eisenhower wa kuitumia atomi kwa amani, alifaulu kuleta kilimani kinu kidogo cha utafiti, aina ya TRIGA, chenye nguvu ya kilowati 50, kikapewa jina la TRICO. Kilianza kufanya kazi mwezi wa Juni 1959, cha kwanza katika bara zima la Afrika. Vinu vya aina hiyo hukaa chini ya kisima cha maji safi chenye kina cha mita kadhaa, na maji yenyewe ndiyo humkinga mtazamaji, hata mtu huweza kusimama ukingoni, akainamisha kichwa, akauona mwanga wa buluu ukiwaka pasipo moto wala moshi. Humo mlitengenezwa vitu vya mnururisho kwa kazi za tiba na kilimo, na wanafunzi walijifunzia fizikia ambayo hata baadhi ya vyuo vya Ulaya havikuwa na chombo cha kuionyesha.

Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema mpaka sasa, kwamba kuleta kinu cha nyuklia katika nchi isiyo na madaktari wake ni kiburi. Mimi sikubaliani nao. Kiburi kingekuwa kumwambia mtoto wa mchimba madini wa Katanga kwamba elimu ya kile alichokichimba baba yake si saizi yake. Kosa halikuwa katika kinu, bali katika kuchelewa kwa kila kilichotangulia: laiti shule za sekondari na vyuo vingefunguliwa miaka 30 kabla, kinu kile kingewakuta Wakongo wenyewe wakikingoja. Na mwaka ule ule wa 1959, tarehe 4 Januari, mji wa Léopoldville ulikuwa umelipuka kwa ghasia za kudai uhuru, watu wengi wakauawa, na Wabelgiji wakatambua kwamba muda waliodhani wanao haupo tena.

Lakini swali lililokuwa zito kuliko yote halikuulizwa katika maabara. Kitivo cha taalimungu kilifunguliwa Lovanium mwaka 1957, na tarehe 29 Januari 1960, siku zile zile ambazo viongozi wa Kongo walikuwa Brussels katika mkutano wa meza ya duara, wakikata shauri la siku ya uhuru, kulifanyika kilimani mjadala kati ya mwanafunzi na mkuu wa kitivo chake. Mwanafunzi alikuwa Tharcisse Tshibangu, aliyezaliwa mwaka 1933 Kipushi, mji wa madini katika Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba, soko na kazi. Mkuu wa kitivo alikuwa Padre Alfred Vanneste, Mbelgiji. Tshibangu alitetea kwamba taalimungu yenye rangi ya Kiafrika inaweza kuwapo na yapasa iwepo: kwamba Mwafrika anayo namna yake ya kuyaelewa maisha, ukoo, wafu na ulimwengu usioonekana, na kwamba imani ya Kikristo, iliyopata kujivika fikira za Wayunani bila ya kuharibika, haiwezi kuharibika kwa kujivika fikira za Wabantu. Vanneste akajibu kwamba la kwanza ni kuwa na taalimungu ya kweli. Kwamba elimu hii, kama elimu nyingine yoyote iliyo elimu hasa, ni ya watu wote. Na kwamba kumtafutia Mwafrika taalimungu ya peke yake ni kumfungia katika chumba kidogo wakati ambapo nyumba nzima ni yake.

Nimeyatafakari maneno ya pande zote mbili mara nyingi, wala sioni kwamba Vanneste alisema kwa dharau. Alikuwa mkweli kwa itikadi ile ile iliyokijenga chuo: kwamba heshima ni kumpa kila mtu kitu kile kile. Aliishi Kongo na kuitumikia miaka mingi baada ya hapo, na hofu yake kwamba neno "ya Kiafrika" lingeweza kufanywa kisingizio cha elimu hafifu haikuwa hofu ya kipuuzi. Hata hivyo haki ilikuwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona kile ambacho mwalimu wake hakuweza kukiona, nacho ni kwamba ile iliyoitwa ya watu wote ilikuwa nayo imezaliwa mahali fulani, katika lugha fulani, na watu fulani. Mjadala ulichapishwa mwaka huo huo katika jarida la mapadre wa Kongo, ukasomwa mbali, na hakuna anayefundisha taalimungu ya Afrika hivi leo asiyeanza, au asiyepitia, katika siku ile ya Lovanium. Tshibangu akaenda kuendelea na masomo Louvain, akahudhuria Mtaguso wa Vatikano wa Pili akiwa mtaalamu. Na Padre Vincent Mulago, mwenyeji wa pande za Bukavu, akaanzisha kilimani mwaka 1967 kituo cha kuchunguza dini za Kiafrika, pamoja na jarida lake. Hivyo wana wa Katanga na Kivu, nchi mbili za Waswahili wa Kongo, ndio waliotangulia katika kazi hii.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na baada ya siku chache jeshi likaasi, Katanga ikajitenga, na serikali ikagawanyika. Mwezi wa Septemba Kanali Mobutu akawasimamisha wanasiasa wote, akakabidhi nchi kwa baraza la Makamishna Wakuu, yaani vijana wenye shahada na wanafunzi ambao hawajamaliza masomo, wengine wakiitwa kutoka Ubelgiji na wengine wakiteremka kutoka kilimani. Étienne Tshisekedi, ambaye mwaka 1961 angekuwa daktari wa sheria wa kwanza wa Kongo kutoka Lovanium, alikuwa naibu wa kamishna wa sheria. Baraza hilo lilikuwa dhidi ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba, na ni katika muda wake ndipo Lumumba alipokamatwa, akapelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Historia ya Lovanium haiwezi kusimuliwa kwa uaminifu pasipo kulitaja doa hili. Vijana wale walikuwa wamefundishwa sheria, uchumi na utawala na walimu bora. Walipopewa dola mikononi, waliitumia pamoja na wale waliomwogopa mtu aliyechaguliwa na wananchi.

Kiangazi cha mwaka 1961 chuo kilipata wageni wasio wa kawaida. Kongo ilikuwa na serikali zaidi ya moja, ya Léopoldville na ya Stanleyville, fauka ya Katanga iliyojitenga, na Umoja wa Mataifa ukaona kwamba njia ya kuzipatanisha ni kulikutanisha bunge mahali ambapo hapana mtu atakayelitisha wala kulihonga. Mahali hapo pakawa Lovanium, kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizoni na kilima kilikuwa mbali na mji. Wabunge na maseneta wakalazwa katika vyumba vya wanafunzi. Kilima kikazungushiwa uzio wenye umeme, na askari wa Umoja wa Mataifa wakashika zamu. Silaha, fedha na vileo vikapigwa marufuku, na mawasiliano na watu wa nje yakakatwa. Antoine Gizenga, mkuu wa serikali ya Stanleyville, hakuja, ila wafuasi wake walikuja. Watu wa Tshombe, kiongozi wa Katanga, hawakuja kabisa. Tarehe 2 Agosti bunge likaipa imani serikali ya Cyrille Adoula, karibu kwa sauti moja. Umoja huo haukudumu, kama tujuavyo, lakini nchi ilikuwa imepata serikali inayotambulikana, na ilikuwa imeipata katika mabweni ya chuo kikuu.

Miaka iliyofuata idadi ya wanafunzi ilikua haraka, na pamoja nao wakaja wanawake. Sophie Kanza, dada yake Thomas, alihitimu mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, na miaka miwili baadaye akawa waziri. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi katika Katanga, ambaye vitabu vyake juu ya jinsi wageni walivyoifikiria Afrika vinasomwa sasa duniani kote, alipitia hapo pia katika miaka ya sitini.

Mwezi wa Machi 1964 wanafunzi waligoma, wakidai sauti katika uongozi wa chuo na kufanywa kwa chuo kuwa cha Kiafrika katika walimu wake na masomo yake. Kilichokuwa kimezungumzwa mwaka 1960 katika kitivo kimoja sasa kilidaiwa na chuo kizima. Na jambo la ajabu ni kwamba vijana hawa, warithi wa wale waliokuwa makamishna dhidi ya Lumumba, walimfanya Lumumba shujaa wao: mwezi wa Januari 1968, Makamu wa Rais wa Marekani Hubert Humphrey alipokwenda kuweka shada la maua mahali pa ukumbusho wa Lumumba mjini Kinshasa, wanafunzi waliandamana kumpinga, wakiona kwamba mkono ule haukustahili kuliweka. Jumuiya yao ya taifa ikapigwa marufuku. Tshibangu alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa chuo mwaka uliotangulia, Mkongo wa kwanza kuketi katika kiti hicho, na kwa hiyo mtu aliyeuliza swali la mwaka 1960 ndiye aliyetakiwa sasa kusimama kati ya wanafunzi waliolitaka jibu na dola isiyopenda maswali.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliteremka kilimani kwenda mjini kudai nyongeza ya posho na haki ya kushiriki katika uongozi. Askari wa Mobutu, ambaye sasa alikuwa Rais, wakawafyatulia risasi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa. Wanafunzi na mashahidi wakataja idadi iliyo kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Na jamaa hawakukabidhiwa maiti za watoto wao, bali maiti hizo zilizikwa kwa siri. Kwa Mwafrika, awe wa dini gani au wa kabila gani, kuzuiliwa maiti ya mtoto wake ni dhuluma iliyo juu ya dhuluma, na dhuluma hiyo haikusahauliwa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walifanya kumbukumbu ya wenzao, katika majuma yale yale ambayo Rais alikuwa na msiba wa mama yake, naye akalichukua jambo hilo kama tusi. Jeshi likakizingira kilima, chuo kikafungwa, na wanafunzi wa Lovanium wakaandikishwa jeshini kwa nguvu, watumikie miaka miwili.

Mwezi wa Agosti mwaka huo Lovanium ilifutwa. Chuo cha Wakatoliki, cha serikali cha Lubumbashi, yaani Elisabethville ya zamani, na cha Waprotestanti cha Kisangani, yaani Stanleyville ya zamani, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, na vitivo vikagawanywa: Kinshasa ikabaki na tiba, sheria na sayansi, Kisangani ikapata elimu ya ualimu, na fasihi, lugha na elimu za jamii zikahamishiwa Lubumbashi. Mmoja wa waliofundisha huko alikuwa Johannes Fabian, aliyeandika baadaye juu ya Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga na historia yake. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, hakuukubali mwendo wa serikali, na mapema mwaka 1972, ugomvi ulipozidi, ilimbidi aende Roma. Tshibangu ndiye aliyekubali kuwa mkuu wa chuo kipya cha taifa, na watu wamemlaumu kwa hilo. Mimi naona kwamba alijaribu kukiokoa kinachookoleka, ingawa aliyempa kazi hiyo hakustahili kutumikiwa na mtu wa namna yake.

Mwaka 1974 serikali ilikitoa kitivo cha taalimungu nje ya chuo kikuu, ikidhani kwamba kitakufa kwa kukosa fedha na wanafunzi. Maaskofu wakakichukua. Chuo cha Taifa chenyewe kilivunjwa mwaka 1981, na kilima cha Mont-Amba sasa ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambacho wanafunzi wake hukiita kilima chenye ilhamu. Kinu cha pili cha nyuklia, kilichokuja mwaka 1972 badala ya kile cha Gillon, kilisimamishwa mwaka 2004. Kitivo kilichofukuzwa ndicho kilichoishi kwa jina lake na kazi yake: mwaka 1987 kikawa Vitivo vya Kikatoliki vya Kinshasa, na mwaka 2009 kikachukua jina la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Katika hukumu yangu hicho, na wala si majengo ya kilimani, ndicho mrithi halali wa Lovanium, kwa sababu ndicho kinachofuata bado njia iliyofunguliwa Januari 1960.

Mashahidi wa habari hizi wanapungua. Walioandamana mwaka 1969 wamekwisha kupita miaka 70, na walioingia darasa la kwanza mwaka 1954, wale waliobaki, wamefika 90. Baadhi yao wako Lubumbashi, Likasi, Bukavu na Goma, na lugha wanayozungumza na wajukuu wao ni hii tunayoiandika hapa. Nawasihi walimu na wanafunzi wa historia wa Nyegezi kule Mwanza, Nairobi, Bukavu na Lubumbashi wawaendee na vinasa sauti, wawasikilize kwa Kiswahili, na majina ya waliozikwa kwa siri wayaandike kama wazee watakavyoyataja.